Habari za Kufungwa na Kufunguliwa kwa Masoko katika Nchi Yetu ya Kisii na Nyamira



Katika mikutano ya mwaka huu swali moja limerudi mara nyingi kuliko mengine. Wakulima wetu wa ndizi na mahindi wameomba Chama kiandike barua kwa Serikali, ili mazao yatokayo ng'ambo ya mpaka, yapitayo Isebania na Busia, yazuiwe au yatozwe ushuru mzito, kwa kuwa wanasema yanawavunjia bei. Wachuuzi wa Daraja Mbili, pamoja na akina mama wanunuao mahindi kwa gorogoro, wamelipinga ombi hilo kwa maneno makali. Wote ni wanachama, wote wanalipa ada, na wengine ni watu wa mji mmoja, mume akiwa upande huu na mkewe upande ule. Kamati iliona si vyema kujibu upesi jambo ambalo lina umri wa zaidi ya miaka mia moja katika nchi hii. Basi tukaagizwa tuandike habari zake, nasi tumeandika kadiri ya tuyajuayo.

Kulinda biashara ni kazi ya Serikali kumkinga muuzaji fulani asishindane na mwingine. Njia zake ni nyingi. Mara ni ushuru wa forodha, mara ni leseni anayopewa huyu na kunyimwa yule, mara ni kipimo cha kiasi kitakachoingia, mara ni nauli ya reli iliyopunguzwa kwa mzigo wa mtu mmoja tu, na mara ni marufuku kabisa. Majina hutofautiana, lakini kila njia huwa na mtu anayefurahi na mtu anayelipa. Na yule anayelipa mara nyingi hakuwapo barazani siku neno lilipokatwa. Tunawaomba wasomaji walishike hilo tunapoendelea.

Zamani za babu zetu hapakuwa na forodha kati ya Abagusii na majirani zao. Wimbi letu na majembe yetu ya chuma yalishuka kwa Waluo, na kwao vikapanda ng'ombe, vyungu, chumvi na samaki. Vita vilikuwapo, na wizi wa mifugo ulikuwapo. Hata hivyo wanawake walikwenda sokoni na kurudi. Mwaka wa mavuno mema mtama na wimbi vilikuwa rahisi, mwaka wa ukame vilikuwa ghali, na hapakuwa na mtu wa kuandikiwa barua. Hatutakaa hapo, maana habari ya leo huanza pale palipokuwa na Serikali moja kubwa yenye uwezo wa kuamuru nani auze nini. Serikali hiyo ilitufikia kwa bunduki mwaka 1905, na tena mwaka 1908, na kituo chake kikasimama Getembe.

Kilio kikubwa cha kwanza cha kutaka kulindwa katika nchi ya Kenya hakikutoka kwetu. Kilitoka kwa masetla. Vita vya kwanza vya dunia vilipokwisha, bei za mazao zilipanda kidogo, kisha mwaka 1920 na 1921 zikaanguka ghafula. Wakati huohuo fedha ilibadilishwa kutoka rupia kwenda shilingi, kwa namna iliyozidisha madeni ya wakulima wa Kizungu. Jambo lao la kwanza lilikuwa kukata mishahara ya Waafrika kwa thuluthi moja mwaka 1921, na kodi ya nyumba wakati huo ilikuwa imepandishwa hata shilingi 16. Watu wakakasirika. Huko Nairobi alisimama Harry Thuku. Na huku Nyanza mkutano wa Lundha, katika Gem, ulizaa chama cha vijana wa Kavirondo mwishoni mwa mwaka huohuo. Kodi ilipunguzwa ikawa shilingi 12. Nacho chama cha ustawi cha walipa kodi wa Kavirondo, kilichoanzishwa mwaka 1923 kwa uongozi wa Archdeacon Owen, ni mmoja wa wazee wa vyama kama hiki chetu.

Lakini masetla hawakuishia kwenye mishahara. Mwaka 1922 ilikaa kamati ya uchumi iliyoongozwa na Bowring, Katibu Mkuu wa Koloni, nayo ikashauri kwamba ngano, unga wa ngano, siagi, jibini, nyama ya nguruwe, sukari na mbao kutoka ng'ambo vitozwe ushuru mkubwa, na mahindi yaendayo pwani kwa meli yapewe nauli nafuu ya reli. Ushuru huo ukawa sheria mwaka uliofuata. Kwa kuwa Kenya na Uganda zilikuwa na forodha moja tangu 1917, mtu wa Kampala naye alilazimika kununua kwa bei ya juu ili mkulima wa Njoro apone. Waganda walinung'unika, na Tanganyika ilipoingizwa katika umoja huo ikanung'unika pia. Jambo la kutazama hapa ni wakati. Miaka ya bei njema masetla walijisifu kwamba wanaweza kushindana na dunia nzima; bei ziliposhuka, waligundua kwamba dunia inawaonea.

Hawakuwa wa kwanza wala wa mwisho kufanya hivyo. Wenye mashamba wa Uingereza walipata sheria ya kuzuia nafaka ya nje mwaka 1815, mara vita vya Napoleon vilipokwisha na bei kushuka. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1846, njaa ilipokuwa imekwisha kuingia Ireland. Marekani ilipandisha ushuru wake mwezi wa Juni 1930, miezi michache baada ya soko la hisa la New York kuanguka. Uingereza yenyewe, iliyojiita mama wa biashara huria, ilifunga mlango wake mwaka 1932. Dhiki ikija, kila mwenye sauti hukimbilia kwa mfalme.

Sasa tuje kwenye kahawa, maana hapo ndipo habari hii inapoingia katika boma letu.

Tangu sheria ya mwaka 1918 kila mwenye shamba la kahawa alitakiwa kujiandikisha na kulipia leseni, na Mwafrika wa Kenya hakupewa. Sababu zilizotolewa zilikuwa tatu. Ya kwanza, kwamba Mwafrika hatanyunyiza dawa, na magonjwa yatatoka shambani kwake yaingie katika mashamba makubwa. Ya pili, kwamba kahawa itaibiwa kwa Mzungu na kuuzwa kama mali ya Mwafrika. Ya tatu, kwamba kahawa mbaya itaharibu jina la Kenya huko London. Sababu ya nne haikuandikwa katika sheria, ijapokuwa baadhi yao hawakuificha katika mabaraza yao: mtu mwenye kahawa yake mwenyewe hatakwenda kuchuma ya mwingine. Wazee wengi wa Nyaribari na Kitutu walijua njia ya Kericho kwa miguu, kwa sababu kodi ilidai fedha na fedha ilikuwa katika mashamba ya chai.

Hapa tunawasihi wasomaji waangalie vizuri, maana si kweli kwamba watu huomba kulindwa wakati wa dhiki peke yake. Marufuku ya kahawa iliombwa na kushikwa kwa nguvu hata katika miaka mizuri ya 1920 na kitu, bei ilipokuwa ya kupendeza. Wakati huo kilichokuwa haba kwa masetla kilikuwa mikono ya watu. Kwa hiyo walijikinga na uhaba wa vibarua kwa kumfungia kibarua njia nyingine ya kupata shilingi. Bei ikiwa mbaya mwenye mali huomba alindwe na muuzaji mwenzake. Bei ikiwa njema huomba alindwe na mfanyakazi wake.

Tena palikuwa na mfano wa kuwaaibisha, ng'ambo kidogo tu ya mpaka. Katika miteremko ya Kilimanjaro Wachagga walikuwa wakilima kahawa. Mwaka 1925 walianzisha chama chao cha wakulima, na mwaka 1933 kikafuatwa na umoja wao wa ushirika, KNCU. Masetla wa Moshi nao walilia kwamba Wachagga wazuiwe. Lakini Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Shirika la Mataifa, na sauti ya setla ilikuwa ndogo huko kuliko Nairobi. Ugonjwa wa kahawa haujui mpaka wa nchi. Kama hoja ya magonjwa ingekuwa ndiyo hoja yenyewe, mashamba ya Wazungu wa Moshi yangekuwa yamekufa yote.

Kilichoupasua ukuta huo katika Kenya ni dhiki ileile iliyozidisha kelele za masetla. Tangu mwisho wa mwaka 1929 bei za kahawa, mahindi na mkonge zilianguka duniani pote. Serikali iliwakimbilia masetla kwa mikopo ya kilimo mwaka 1930, kwa benki ya ardhi mwaka 1931, na kwa ruzuku ya mahindi. Wakati huohuo hazina ilikuwa inakauka, na reli iliyojengwa kwa madeni ilikuwa inapita na mabehewa matupu. Nani angelijaza behewa? Mwafrika alilima bila kukopa benki, na gharama yake ilikuwa ndogo. Serikali ikaanza kumhimiza apande zaidi. Lord Moyne, aliyetumwa mwaka 1932 kuchunguza mambo ya kodi, aliandika wazi kwamba Waafrika walitoa kingi katika hazina kuliko huduma walizopata. Hatimaye, mwaka 1933, katika utawala wa Gavana Byrne, Serikali ilikubali kahawa ijaribiwe na Waafrika katika sehemu tatu: Embu, Meru na kwetu Kisii. Kanuni zake zilitolewa mwaka uliofuata. Sehemu hizo zilichaguliwa kwa sababu udongo wake ulikuwa mwema, na tena kwa sababu zilikuwa mbali na kahawa ya Wazungu. Hivyo kinga haikuondolewa. Ilipunguzwa tu na kuwekewa mipaka.

Watu wetu hawakuipokea kahawa kwa shangwe. Wengi walisita, wakihofu kwamba shamba likipendeza machoni pa Mzungu litachukuliwa. Hofu hiyo haikuwa ya kijinga, kwa kuwa walikuwa wamesikia yaliyowapata wengine. Chifu Musa Nyandusi wa Nyaribari alikuwa miongoni mwa waliotangulia kupanda, na wengine wakafuata walipoona miche yake haikuchukuliwa na mtu. Vita vya pili vilipokwisha na bei kupanda, kahawa ya Kisii ililipa karo, ikaezeka nyumba kwa mabati, ikajenga makanisa. Wazee wanaosoma kijitabu hiki wengi wao walisomeshwa na miche iliyokatazwa baba zao.

Mahindi yana habari nyingine, nayo yafanana zaidi na ugomvi wetu wa leo.

Katika miaka ya 1930 chama cha wakulima wa Kizungu, KFA, kiliomba mahindi yote ya nchi, ya Mzungu na ya Mwafrika, yakusanywe mahali pamoja chini ya amri, ili hasara ya kuuza nje igawanywe kwa wote na bei ya ndani ishikwe juu. Mtu angedhani Wazungu wote waliunga mkono. Sivyo. Wenye mashamba ya chai, kahawa na mkonge walikataa, maana wao walikuwa wanunuzi; kila kibarua alipewa posho, na mahindi yakipanda posho inapanda. Kwa hiyo katika baraza la watu wa rangi moja, waliosali pamoja na kucheza karata pamoja, mlimaji na mnunuzi walishindwa kukubaliana, na ombi likakwama miaka mingi. Badala yake ilitoka sheria ya mwaka 1935 ya kuuza mazao ya Waafrika, iliyosema mazao yanunuliwe na wenye leseni katika masoko yaliyowekwa. Serikali ilisema ni kwa ajili ya usafi na mizani ya haki, na kweli mizani mingine ilihitaji kuangaliwa. Lakini leseni zilikwenda kwa wenye maduka na malori, na Mwafrika mwenye punda wawili akajikuta mhalifu kwa kazi aliyoifanya jana kwa uhalali.

Vita ndivyo vilivyolimaliza neno la KFA. Mwaka 1942 chakula kilitakiwa kwa majeshi, mnunuzi hakuwa na nguvu tena ya kukataa, na amri ya mahindi ikawekwa. Mkulima wa Kizungu alihakikishiwa bei, tena alipewa msaada kwa kila eka. Mwafrika alilipwa bei ya chini zaidi, na katika hiyo chini zikakatwa fedha za mfuko wa maendeleo. Mahindi hayakuweza kuvuka mpaka wa wilaya bila kibali. Mwaka uliofuata, 1943, nchi ilipata njaa, hata ikaundwa tume ya kuuliza chakula kimekwenda wapi. Twasema hivi bila kinyongo: kinga iliyowekwa kwa ajili ya dharura ya vita ilikaa miaka hamsini. Uhuru ulipokuja 1963 bodi ilibaki, vibali vilibaki, ila walioketi mezani walibadilika. Mwaka 1979 bodi za nafaka ziliunganishwa zikawa moja, na vizuizi vya barabarani viliondolewa kabisa mwaka 1993. Mtu aliyepanda basi kwenda Kericho na debe mbili za mahindi chini ya kiti katika miaka hiyo hana haja ya kuelezwa zaidi.

Habari ya nguo yatosha maneno machache. Katika miaka ya 1930 nguo na viatu vya mpira kutoka Japani vilijaa madukani kwa bei ambayo viwanda vya Lancashire havikuweza. Uingereza iliweka vipimo vya nguo hizo katika makoloni yake mengi mwaka 1934, lakini si katika Afrika Mashariki. Mikataba ya bonde la Kongo, wa Berlin wa 1885 na wa Saint-Germain wa 1919, ilikataza kubagua bidhaa za taifa moja na jingine katika nchi hizi. Ndivyo ilivyotokea kwamba karatasi iliyotiwa sahihi na Wazungu ili wasigombane wao kwa wao ilimsaidia mtu maskini kununua shuka katika mwaka mbaya kuliko yote.

Baada ya Uhuru zamu ya kuomba ilitufikia sisi. Shule zilikuwa zimetoa vijana wengi, kazi za karani zilikuwa chache, na maduka makubwa ya miji yetu yalikuwa mikononi mwa Wahindi. Serikali iliunda shirika la biashara la taifa mwaka 1965, na sheria ya leseni ya mwaka 1967 ikakataza wasio raia kufanya biashara nje ya sehemu zilizotajwa za miji mikubwa, na kuuza bidhaa fulani. Hatusemi haki haikuwapo katika jambo hilo. Watu waliofungiwa mlango kwa sheria ya 1935 walikuwa na sababu ya kutaka mlango ufunguliwe kwa sheria. Lakini hatukuona kilo ya sukari ikiwa rahisi kwa mnunuzi kwa sababu mwenye duka alikuwa wa ukoo wake. Aliyepata ni aliyepewa leseni, na leseni ilimfuata aliyemjua mtoaji.

Wakati huohuo majirani zetu walijikinga dhidi yetu. Viwanda vingi vilikuwa Kenya, na Tanzania na Uganda ziliona zinanunua tu bila kuuza. Mkataba wa Kampala wa mwezi wa Juni 1967 ulioanzisha Jumuiya ya Afrika Mashariki ulizipa ruhusa ya kutoza kodi maalumu bidhaa za viwanda kutoka Kenya. Halikutosha. Mwaka 1977 Jumuiya ilivunjika, na Tanzania ikafunga mpaka hadi 1983. Watu wa upande wa Isebania walijifunza wakati huo ndugu na ndugu kuvuka usiku.

Kahawa nayo ilikuwa na ukuta wake wa dunia. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1962 uligawia kila nchi kipimo cha kahawa itakayouza, ili bei isianguke. Mkulima wa Kisii hakuuona mkataba huo kwa macho, lakini aliula. Mwezi wa Julai 1989 vipimo vilisimamishwa, kwa kuwa wanunuzi wakubwa na wauzaji wakubwa walishindwa kupatana, na bei ikaporomoka. Kenya ilikuwa imevuna karibu tani 130,000 katika msimu wa 1987/88. Haijafika huko tena. Kung'oa mkahawa kulikatazwa na sheria, basi watu wetu waliuacha usimame katikati ya mahindi na migomba, haupogolewi wala haunyunyizwi, kama mgeni asiyeambiwa aondoke wala asiyeletewa chakula.

Miaka hiyohiyo ya 1990 forodha za nguo zilifunguliwa na mitumba ikaingia kwa marobota. Viwanda vya nguo vilifungwa, kile cha Kisumu kikiwamo, na mkulima wa pamba wa pwani ya ziwa akapoteza mnunuzi. Mafundi wetu wa cherehani walipoteza wateja. Lakini tazameni Daraja Mbili siku ya soko: wangapi wanakula kwa mitumba? Mwaka 2016 wakuu wa Afrika Mashariki waliazimia kuiondoa mitumba hatua kwa hatua hadi 2019. Wafanyabiashara wa Marekani walipeleka malalamiko kwa serikali yao mwezi wa Machi 2017, na Kenya, yenye viwanda vinavyoshona nguo za kuuzwa Marekani bila ushuru, ikajitoa katika azimio mwaka huohuo. Rwanda ilishikilia, na mwaka 2018 nguo zake zikaondolewa katika msamaha huo wa ushuru. Hapo tuliona kwamba ombi la kulindwa haliamuliwi na dhiki ya muombaji tu. Huangaliwa pia nani atakayelipiza.

Na kulipiza kwatuhusu sisi kuliko tunavyodhani, kwa sababu ya chai. Kutoka Kitutu hadi Borabu, nyumba nyingi huishi kwa malipo ya chai na bonasi yake, na mnunuzi mkubwa wa chai ya Kenya ni Pakistani. Afrika Mashariki ilipoanza forodha moja tarehe 1 Januari 2005, ushuru wa mchele uliwekwa asilimia 75. Pakistani huuza mchele. Kenya iliomba iruhusiwe kutoza asilimia 35 tu, ili chai isije ikaadhibiwa. Basi mkulima wa mpunga wa Mwea amepunguziwa kinga yake ili jani letu liuzike. Hatujasikia mtu wa Nyamira akimshukuru, wala hatujasikia mkutano wetu wowote ukilitaja jambo hilo, ingawa ni la haki kutajwa kabla ya sisi wenyewe kwenda kuomba.

Sasa mahindi ya leo. Ushuru wa mahindi yatokayo nje ya Jumuiya ni asilimia 50, na ya ndani ya Jumuiya hupita bila ushuru. Mwaka 2017 ukame ulipofanya unga kuwa adimu, Serikali iliondoa ushuru, ikaleta mahindi kwa meli, na pakiti ya kilo mbili ikauzwa shilingi 90 kwa ruzuku. Wakulima wa bonde la ufa wakalalamika kwamba ghala zilijaa mali ya kigeni mavuno yao yalipoiva. Mwezi wa Machi 2021 mambo yaligeuka. Mahindi ya Uganda na Tanzania yalipigwa marufuku tarehe 5 kwa sababu ya sumu ya ukungu, malori yakasimama mpakani, na siku chache baadaye marufuku ikaondolewa kwa masharti ya kuandikisha waagizaji na kuonyesha cheti kwamba sumu haizidi sehemu 10 katika bilioni. Sumu hiyo ni kweli na imeua watu katika Kenya, asiidharau mtu. Hata hivyo tumeisoma habari ya kahawa, na tunajua kwamba hoja ya ugonjwa huweza kuwa ya kweli na bado ikabeba hoja nyingine mgongoni.

Kwa hesabu ya watu ya mwaka 2019 Kisii ilikuwa na watu 1,266,860 na Nyamira 605,576. Mashamba yamegawanywa baba kwa mwana hata mengine hayafiki eka moja, na migomba, chai na nyasi za ng'ombe zimechukua sehemu yake. Kwa hiyo nyumba nyingi za wanachama wetu huvuna mahindi ya miezi michache, kisha hununua mwaka uliobaki. Mwenye gunia la kuuza mwezi wa Agosti ndiye mwenye gorogoro la kununua mwezi wa Aprili. Ndiyo maana twaona ombi la kufunga mpaka kwa mahindi litawadhuru wengi wa walioliunga mkono. Kwa ndizi mambo si hayohayo: ndizi twauza kuliko tunavyonunua, na mkulima wa ndizi ana haki ya kusikilizwa peke yake bila kuunganishwa na mahindi. Lakini hata huko tungependa kwanza kujua kama bei yake inavunjwa na ndizi ya Uganda, au na ushuru wa masoko mengi kati ya hapa na Nairobi, au na dalali anayenunua mkungu kwa kuukadiria kwa macho. Barua inayoomba ukuta bila kujua mwizi aliingilia wapi haitasaidia.

Kamati kwa hiyo haijaandika barua yoyote. Imeamua mambo mawili kabla ya mkutano mkuu ujao. Kila tawi lichague watu wawili, mmoja muuzaji na mmoja mnunuzi, waandike bei ya gorogoro la mahindi na ya mkungu wa ndizi kila siku ya soko, na daftari lisomwe mbele ya wote. Na wazee walio na karatasi za zamani, yaani stakabadhi za vyama vya kahawa, vibali vya kusafirisha mahindi, au leseni za duka za miaka ya 1960 na 1970, wanaombwa wazilete kwa Katibu zinakiliwe. Asili zitarudishwa kwa wenyewe siku hiyohiyo.